Mwiko wa Mti wa Bunduki

Bugali haunuki mafuta ya bunduki. Unanuka muhogo, ukiungua unanuka kuungua, basi, hakuna zaidi. Kwa hiyo Lazare alipokata tonge la kwanza jioni ile, nyumbani kwake Minto, kitongoji cha Sydney, na harufu ya mafuta ya bunduki ikampanda puani, alidhani ni mikono yake mwenyewe. Alikuwa amenawa karakanani kwa ile sabuni yenye mchanga, lakini mtu akichoka hata kunawa hunawa nusunusu. Akainuka, akanawa tena, akarudi kuketi. Harufu ilikuwa palepale, inapanda na mvuke kutoka katikati ya sahani.

"Mama Bénie," akauliza, "leo umesonga bugali na kitu gani?"

"Na ule mwiko wako mupya," alisema Anésie, mkewe. "Ju ya nini? Haiko tamu?"

"Iko tamu."

Na kweli ulikuwa mtamu, laini, hauna donge hata moja. Alikula, mkewe akala, binti yao Bénie akala huku anatazama simu yake, na neno likaishia hapo. Laiti angeuliza zaidi, lakini mtu aliyesimama kutwa nzima haulizi, anakula.

Sasa huo mwiko. Lazare alikuwa seremala kwao Bukavu, seremala hasa, wa vitanda vya maharusi na milango ya makanisa. Sydney kazi aliyoipata ni kwa fundi wa bunduki mmoja aitwaye Murray, kule kwenye karakana za Minto, baada ya serikali kumkagua kutoka unyayo hadi utosi ndipo ikamruhusu kugusa. Usicheke. Mtu aliyekimbia bunduki kwao, akavuka ziwa, akakaa kambini Tanzania mpaka ndevu zikaota mvi, amekuja kuzipaka mafuta ng'ambo ya dunia. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Zilizokuwa zikiletwa hapo ni bunduki kuukuu za jeshi, za vita vya mababu, ambazo majeshi yalizichoka yakaziuza kwa bei ya kutupa. Wanaozinunua huwa wanataka ziwe vijana tena. Bunduki inaingia na mti wake wa asili, mzito, umeshiba jasho la mabega ya watu wasiojulikana. Inatoka imevishwa plastiki nyeusi, darubini juu, mpira kitakoni ili isimpige teke mwenyewe, miguu miwili mbele ya kuegemea, na mkanda mpya wa kubebea. Ni kumpaka bibi kizee wanja na kumwambia acheze. Murray alishughulika na chuma, Lazare akashughulika na kile chuma kinapolala: kuchonga, kupunguza, kuhakikisha hakitikisiki.

Bunduki ya mkulima mmoja aliyetaka kuwindia nguruwe pori ndiyo iliyoleta haya. Lazare aliivua mti wake, na Murray akasema mti huo utupwe. Autupe? Mti mgumu, mwekundu kwa ndani, umekauka karne nzima bila ufa? Seremala hatupi mti kama huo, ni dhambi. Isitoshe, Anésie alikuwa amevunja mwiko mwingine wiki hiyo. Miiko inayouzwa dukani ni ya mianzi, ya kukorogea supu ya watoto, na bugali wa watu wazima unaivunja kama njiti. Kwa hiyo Lazare akaubeba ule mti hadi kwenye benchi lake wakati wa chakula cha mchana.

Kwenye kitako palikuwa na bamba la chuma, na nyuma ya bamba tundu, mahali askari walipokuwa wakiweka kichupa cha mafuta na kitambaa. Kitambaa kilikuwamo, kimegeuka vumbi. Ndani zaidi palikuwa na kipande cha ngozi kilichokunjwa na kushonwa pande zote, kidogo, kigumu. Lazare si mtoto, hirizi anaijua. Lakini alijiambia yeye ni mtu wa kanisa, na ya wafu ni ya wafu, akakitupa kwenye pipa la maranda bila hata kujikuna kichwa. Kisha akachukua randa. Jioni yake alimpelekea mkewe mwiko wenye bega pana na shingo nene, na Anésie akaupokea kwa mikono miwili, akacheka kwa furaha.

Hapo ndipo usingizi ulipoanza kuhama katika nyumba ile.

Anésie alikuwa anafanya kazi usiku, kutunza wazee katika nyumba yao huko Campbelltown. Kuwageuza, kuwaosha, kuwabembeleza. Mchana ndio usiku wake. Sasa mchana akawa hapati lepe la usingizi. Mwanzoni walisema ni joto, baadaye wakasema ni mawazo, maana dada yake aliyebaki Bukavu alikuwa hajapiga simu. Macho yakamwingia ndani. Akawa anatia chumvi kwenye chai, anafunga vifungo vya sare yake kombo.

Bénie ndiye aliyesema. Lazare alikuwa anamvulia viatu mlangoni jioni moja, naye akanong'ona kwa Kiingereza chake cha shule: "Dad, Mum doesn't sleep. She just stands there." Yaani mama halali, anasimama tu.

"Anasimama wapi?"

Mtoto akaonyesha kwa kidevu dirisha la jikoni, hakutaka hata kuinua kidole.

Siku iliyofuata Lazare aliomba ruhusa, akarudi mchana. Mtaa ulikuwa kimya, majirani wako kazini, jua linawaka kwenye mapaa. Aliingia taratibu ili asimwamshe mkewe kama amelala, na kabla hajafika ukumbini alisikia nyayo jikoni: hatua, hatua, hatua, kisimamo, visigino vikagongana, kisha hatua zikarudi zilikotoka. Harufu ya mafuta ya bunduki ilikuwa imejaa nyumba nzima kuliko hata karakanani. Akachungulia, na alichokiona kilimfanya ashike kizingiti, kwa sababu Anésie alikuwa amesimama wima nyuma ya pazia, amelisogeza upana wa kidole, bega la kulia limelegea kama la mtu aliyezoea mzigo, mkono umeshika hewa pale ambapo mkanda wa bunduki hupita kifuani, na macho yake, macho ya mke wake aliyemzalia mtoto, yalikuwa yanaipekua barabara ile tupu nyumba kwa nyumba, mti kwa mti, hayapepesi, hayapepesi kabisa.

"Mama Bénie," akaita kwa sauti ndogo.

Akageuka. "Simama hapo! Nani wewe?"

Nywele zilimsisimka Lazare. Si kwa ukali wa ile sauti, kwani haikuwa kali, ilikuwa imechoka. Ni kwa Kiswahili chenyewe. Anésie hakuwahi kusema hivyo maishani mwake. Kile kilikuwa Kiswahili cha pwani, cha zamani, kilichonyooka.

"Ni mimi. Ni Lazare."

"Toa neno la siri la leo."

"Neno gani, mama? Mimi bwana yako."

"Huna neno," ile sauti ikasema, na ikavuta pumzi ndefu. "Wote hamna neno. Feruzi yu wapi? Alinambia, nikilala mimi, kesha wewe. Nimekesha. Mbona haamki kunibadili?"

Kisha akaporomoka, na aliyeketi sakafuni akilia alikuwa Anésie mwenyewe. "Papa Bénie, minachoka. Minachoka mpaka ndani ya mifupa. Nikifunga macho, kuko mutu ananifungua. Nisaidie, nitakufa."

Hapo Lazare akaelewa kwamba kinachodaiwa ni uhai wa mkewe. Mtu asiyelala hufa; si lazima uwe daktari kulijua hilo. Daktari mwenyewe alitoa vidonge, Anésie akavimeza, akasimama dirishani navyo tumboni. Mchungaji alikuja na waumini, wakakemea mpaka sauti zikakauka, naye akawatazama kwa huruma, akawaambia washushe sauti, wanaita maadui. Lazare aliutia moto ule mwiko uani, ukawaka hadi majivu, na siku hiyo hali ikazidi kuwa mbaya. Kazini Anésie nusura amwangushe mzee wa watu. Akasimamishwa, akaambiwa apumzike. Apumzike! Neno hilo lilimchekesha hadi akalia tena.

Clarisse ndiye aliyewaokoa, au tuseme ndiye aliyewapeleka. Alikuwa na duka la vyakula vya kwetu huko Blacktown, na unga wa muhogo walikuwa wakinunua kwake. Siku Anésie alipoingia dukani akasimama mlangoni akilinda badala ya kununua, Clarisse alimvuta Lazare pembeni, nyuma ya magunia.

"Hii haiko ugonjwa ya vidonge," alinong'ona. "Kuko mumama moja wa Tanga, anakaa na mwana wake hapa nyuma. Ni Mwislamu. Utakataa?"

"Hata akiwa anaabudu mawe, sikatai."

Jumapili alasiri wakaenda, Clarisse amemshika Anésie mkono, Bénie anafuata nyuma. Bi Mwanakheri alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kanga mbili na soksi nene za sufu. Hakuwapokea sebuleni. Mwanawe alishamwonya: akichoma ubani mle ndani king'ora cha moshi kinalia na jirani anaita zimamoto. Kwa hiyo kazi ilifanyika gereji, mlango umeinuliwa nusu, kati ya mashine ya kufulia na baiskeli za wajukuu.

"Shikamoo, Bibi," alisema Lazare. Heshima hiyo aliipata kambini.

"Marahaba, mwanangu. Mkalishe mkeo."

"Hakai, Bibi."

"Basi asimame. Nieleze, na usinifiche."

Lazare akaeleza yote, mti, tundu, ngozi iliyoshonwa, mwiko. Bi Mwanakheri akapiga kite. "Ah! Mwanangu, umempasulia nyumba yake. Huyo ni jini wa kupagazwa, amefungwa kwenye mti ule na mtu mwenye hofu. Kibanda chake umekitia randa, ukakifanya mwiko, mkakila na chakula. Alikuwa aende wapi? Ameingia kwa anayeshika mwiko."

Akatia ubani kwenye makaa. Moshi ukajaa chini ya paa la bati, mweupe, mzito, na ndani yake ile harufu ya mafuta ikapanda, ikashindana na ubani mpaka Clarisse akaziba pua. Anésie alikuwa amegeukia uwazi wa mlango, anatazama barabara.

"Amani kwako, mgeni," Bi Mwanakheri akasema, sauti ya chini. "Jina lako nani?"

"Jina langu halina faida kwenu." Ilikuwa ile sauti ya jikoni.

"Basi sema utakacho tukupe uende zako. Wataka marashi? Wataka nguo? Wataka kuku?"

"Sitaki kitu."

"Kila mgeni hutaka kitu."

"Nataka kulala," ikasema ile sauti, na machozi yakawa yanamtiririka Anésie usoni ingawa uso wenyewe haukuwa unalia. "Toka Feruzi anifunge sijafumba jicho. Nimekesha porini, nimekesha melini, nimekesha ghalani na bunduki zisizo na watu. Nimechoka, mama. Nataka kulala."

Bi Mwanakheri aliguna. Miaka yote ya kazi yake hakuwahi kusikia jini asiyedai. Huruma ilimwingia, ikaonekana hata machoni. "Basi lala," akamwambia. "Feruzi, askari wako, alikufa zamani. Umeruhusiwa."

"Zamu haiachwi. Zamu hupokewa."

Makaa yalikuwa yanatatarika, na kwa nje gari lilipita na muziki. Lazare alikuwa anatazama magoti ya mkewe. Yalikuwa yanatetemeka ndani ya sketi, yanatetemeka bila kukoma, ya mwanamke asiyelala kwa majuma, na akafikiri kwamba yeye mwenyewe tangu wakimbie kwao amekuwa mtu wa kuamka kila mbwa akibweka, na kwamba usingizi wake ni mbovu, hauna thamani, na kama mtu akiutaka na auchukue.

"Mimi nitapokea," akasema.

"Ngoja, mwanangu!" Bi Mwanakheri alimkamata kiwiko. "Jini hapokewi hivi hivi, kwanza tumuulize anakesha kwa ajili ya—"

"Bibi, mwangalie. Atafika kesho huyu? Nimepokea. Unasikia weye uliye ndani? Nimepokea zamu."

Anésie akanyooka. Visigino vikagongana kwenye saruji, na mkono ulioshika hewa ukashuka, ukasogea mbele, ukamkabidhi Lazare kitu kisichoonekana. Naye, sijui kwa nini, akanyoosha mikono yake, na alihisi uzito.

"Basi pokea na habari," ile sauti ikasema, haraka sasa, kama mtu aliyekwisha kuvua viatu. "Nyuma shwari. Ubavuni shwari. Mbele yuko mmoja, amefika juzi."

"Mmoja nani?"

"Feruzi alimkata shingo ng'ambo ya mto Ruvuma akiwa amelala, kwa sababu ya blanketi. Toka siku ile aliyechinjwa huufuata mti huu na walio karibu nao, na ninyi mmeula, atawafuata ninyi hata mti usipokuwapo. Hawezi kumshinda aliye macho. Nyumba ikiwa na jicho moja lililo wazi, hubaki nje. Yote yakifumba, huingia. Feruzi alilala siku moja mahali ambapo mimi sikuwapo. Hayo tu. Kwaheri."

Kikafuata kitu ambacho Clarisse husimulia hadi leo, kwamba Anésie alitoa pumzi, na pumzi hiyo haikuisha, ilitoka na kutoka, ikaupeperusha moshi wote wa ubani chini ya mlango hadi barabarani. Kisha akaanguka. Lazare alimdaka. Alidhani amekufa, akamwekea sikio kifuani, moyo ulikuwa unadunda polepole, vizuri, na mkewe alikuwa amelala usingizi wa pono.

Harufu ya mafuta ilikwisha kabisa. Bi Mwanakheri alikuwa ameshika mdomo kwa upindo wa kanga.

"Ungeningoja, mwanangu. Yule hakuwa adui, alikuwa mlinzi."

"Nifanye nini, Bibi?"

"Leo sina la kukwambia. Nitampigia kaka yangu Tanga, yeye ni mkubwa kwangu katika mambo haya. Wewe leo usilale. Umenisikia? Hata kusinzia."

Aliendesha gari kurudi Minto madirisha yote yakiwa wazi, upepo unampiga uso, mke na mtoto wamelala nyuma. Alfajiri ile alikuwa ametoka kumaliza zamu ya ziada karakanani. Tangu juzi alikuwa hajapata zaidi ya usingizi wa kuku. Alimbeba Anésie hadi kitandani, akamvua viatu, akamfunika. Bénie alijikunja kando ya mama yake bila kufungua macho. Lazare akaenda jikoni, akabwia kahawa ya unga bila maji, akasimama dirishani, akasogeza pazia.

Barabara ilikuwa tupu. Taa za mtaa zilikuwa ndiyo kwanza zinawaka. Nyumba ya mkabala, mapipa ya taka, mti wa jirani wenye magome yanayobambuka. Hakuna kitu. Karibu aanze kujicheka, mwanamume mzima anaogopa hadithi ya gereji, na macho yakamwasha, akapepesa. Alipoyafungua palikuwa na mtu chini ya ule mti.

Alikuwa amesimama tu, mrefu, kichwa kimeinama kando sana, kuliko shingo inavyoweza kuinama. Lazare alimkazia macho hadi machozi yakatoka, na mtu yule hakusogea hata inchi, akawa kama nguzo, lakini mwili una mipaka yake, na kope ya mtu aliyechoka si mali yake tena, ikashuka, ikapanda, na yule mtu alikuwa kwenye mapipa. Ikashuka. Alikuwa ndani ya geti. Lazare alizishika kope kwa vidole, akazibana juu, na bado giza dogo likampitia kichwani, lile giza la mtu anayelala akiwa amesimama, halikuzidi pumzi moja, na lilipoondoka bustani ilikuwa tupu, na kitasa cha mlango wa jikoni, hatua mbili kutoka alipokuwa, kilikuwa kinashuka polepole.

"Niko macho," Lazare akasema.

Kitasa kikasimama. Hakikurudi juu. Kilikaa hapo hapo, nusu, kinasubiri.

Chumbani Anésie aligeuka, godoro likalia. Angeweza kumwita. Wangeshika zamu wawili, mmoja alale mmoja akeshe, ndivyo watu wafanyavyo. Akafungua mdomo kumwita, na ndipo akamsikia anaanza kukoroma, mkoromo wa chini, wa mtu aliyeshiba usingizi wake mwenyewe. Aliufunga mdomo.

"Niko macho," akakiambia kile kitasa tena, kwa sauti ya chini ili asimwamshe mkewe. Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa moja ya jioni.